Chini ya Mstari Si Kwako

Mtoto wa kaka yangu anafanya kazi ya kompyuta Mwanza. Siku moja nilimtembelea ofisini nikamkuta amefungua ukurasa mweusi usio na picha hata moja, herufi nyeupe tupu, anasoma barua pepe humo humo. Akataka kuipeleka mojawapo kwa mkubwa wake. Akaandika neno moja la amri, namba ya barua, anwani ya anayepelekewa, akabonyeza, basi. Nikamuuliza, "Na maneno ya mwenyewe umeyagusa?"

Akanicheka. "Hapana, shangazi. Programu inaongeza mistari yake juu: imetoka kwa nani, lini, inakwenda kwa nani. Ya chini yanabaki yalivyo."

Nikamwambia anionyeshe tena. Akanionyesha, na nilipoiona ile mistari ya juu nikaomba maji. Yeye alidhani ni joto.

Haikuwa joto. Mistari ile ni jamaa zangu wa zamani. Niliiandika kwa vidole hivi hivi miaka mingi, katika chumba cha simu za maandishi, posta ya Shinyanga, wakati ambapo kwetu hakuna mtu aliyekuwa ameota kompyuta. Na mara moja, kwa ujinga niliouita adabu, niliandika pasipo pangu.

Niliingizwa chumba kile nikiwa na miaka ishirini na mmoja, mwanzoni mwa miaka ya themanini, sabuni ikiwa ya foleni na petroli tukiisikia kwa jirani. Mashine yenyewe iliitwa teleprinta, chuma cha kijivu chenye vibonye kama vya taipureta, ila ukigonga herufi hapa inajiandika na kule Mwanza. Nilifundishwa hivyo darasani, nikaulizwa kwenye mtihani, nikajibu, nikapasi. Lakini ya mtihani na ya macho ni mawili.

Msimamizi wangu alikuwa mzee wa Pangani, mfupi, msafi, aliyeanza kazi enzi za kugonga nukta na vistari vya simu ya waya kwa kidole kimoja. Siku ya kwanza alinionyesha kibonye cha pembeni. "Hicho kinauliza, wewe nani? Bonyeza."

Nikabonyeza. Mashine ikatulia kidogo, kisha ikaanza kuandika yenyewe mbele ya macho yangu jina la kituo cha Mwanza, ikanyamaza.

"Nani kajibu?" nikauliza.

"Hapana mtu. Saa hizi Mwanza wako kwenye chai. Mashine yao imejibu."

Nikabonyeza tena, ikajibu tena. Mara ya tatu mzee akaniondoa mkono. "Basi, binti. Hata mashine haiulizwi jina mara tatu."

Nilirudi nyumbani jioni ile nikashindwa kula. Mimi ni mtoto wa wakulima wa pamba. Kwetu ukitaka kujua kama mtu yupo unatembea hadi kwake, unapiga hodi, unangoja. Sasa nilikuwa nimepiga hodi Mwanza nikiwa nimekaa kwenye kiti, na Mwanza ikaitika. Niliogopa, nisiseme uongo. Ilikuwa hofu ile ya kuingia kanisani peke yako mchana wakati hakuna ibada.

Kazi yangu kubwa ikawa kupeleka mbele. Watu wa upande wetu hawakukaa mahali pamoja miaka ile. Wengine walikuwa wamehamishiwa vijiji vipya, na anwani zao zilibaki kwenye mahame. Lakini waliotutesa hasa ni wachimbaji wa dhahabu. Simu ikipelekwa Mwakitolyo, mwenyewe yuko Segese. Ikifika Segese, duara la Runzewe limetema, yaani shimo limetoa dhahabu, na yeye kesho yake alfajiri alishabeba sururu kwenda huko. Kila mahali palikuwa na karani, mwenye duka au mtu wa misheni wa kuipokea na kuisogeza. Na kila aliyeisogeza aliandika mstari wake juu: imetoka wapi, inakwenda wapi, ina maneno mangapi.

Idadi ile ya maneno ilikuwa mlinzi. Anayepokea anahesabu maneno ya chini, analinganisha na namba ya juu. Isipolingana, anauliza.

"Mstari wako ukae juu," mzee alinifundisha. "Chini ya mstari si kwako. Chini ya mstari ni nyumbani kwa watu, na nyumba hiyo hata hodi hupigi. Wameandika matusi, peleka matusi. Wamekosea, peleka kosa lao."

Nikasema ndiyo, mzee. Ndiyo yangu ilikuwa nyepesi siku zile.

Bibi yule alikuja dirishani asubuhi moja, mkononi ana cheti cha hospitali na mkongojo. Miguu imevimba, anapumua kwa vituo. Nilitoka nje ya kaunta nikapiga goti, kama nilivyolelewa na nyanya yangu.

"Mwangaluka, mayu."

"Mwangaluka, ng'wanone." Ndivyo Wasukuma tunavyoamkiana asubuhi; mayu ni mama, na ng'wanone ni mwanangu. Akanitazama nilivyopiga goti, akafurahi. "Daktari ananilaza leo. Nimemwambia angoje, nina neno la kutuma kwanza."

Alitaka kumwita mwanawe, wa pekee aliyebaki. Alikuwa Segese, akichimba. Miaka sita hawajaonana. Mama alikuwa amemkataza kwenda machimboni, baba yake alifukiwa na shimo huko huko, na mwana akasema atakwenda tu. Walizozana usiku mzima. Alfajiri akaondoka.

"Alipita mlangoni kwangu," akasema, "hakuniamkia. Mwana wangu niliyemzaa, hakusema hata shikamoo. Sasa mimi naondoka, ng'wanone, usinidanganye kama manesi. Sitaki kitu cha mtu. Nataka aniamkie, nimwitikie, basi. Nisiende kule na deni la marahaba."

Nilimsaidia kuyapanga. Yakawa manane: *Nimelazwa hospitali Shinyanga. Njoo nikuone. Usichelewe. Mama yako.*

"Na itafika?" akauliza. "Waya huo unajua alipo?"

"Waya haujui, mayu. Watu wanajua."

Jibu hilo nilijisemea tu, kwa kuwa nilitaka aende kulala. Mpaka leo sijapata kusema kweli kubwa kuliko hiyo.

Nikaituma Kahama, ambako walikuwa na mashine kama yetu ila kongwe zaidi, mzee wa Pangani akiwa amesimama nyuma yangu. Karani wa Kahama aliipa lori la pamba, dereva akaipa Segese. Siku ya nne ikarudi ikiwa na mstari mpya juu: hayupo Segese, mwenye duka anasema amehamia machimbo ya Runzewe. Chini, maneno manane yamekaa yalivyokaa.

Runzewe hapakuwa na simu wala waya. Mwenzangu wa Kahama akanieleza njia: yeye ataibeba kwa miguu hadi misheni ya Kahama, wao wataisoma kwenye redio yao saa kumi jioni, misheni ya Ushirombo wataiandika, na katekista wa Runzewe, ambaye huja Ushirombo kwa baiskeli, ataichukua. Kilichotakiwa kwangu ni kuigonga upya na kuipeleka mbele.

Ilikuwa Ijumaa. Mzee amekwenda msikitini. Nilikuwa peke yangu na mashine, na yale maneno yakaanza kunisumbua.

Mtu mzima, mwenye umri wa mjomba wangu, yuko porini na jua lake. Anaambiwa njoo. Anaambiwa usichelewe. Hakuna salamu, hakuna habari za huko, hakuna lolote. Mwandishi wa barua yeyote wa kwetu, hata wa darasa la tatu, huanza na salamu ndipo aseme shida. Na vidole vinavyomwamrisha mtu huyu ni vyangu mimi, msichana. Nyanya yangu angeniona angenichapa. Nikaona mama ameziacha salamu kwa ajili ya kubana maneno, na mimi nitamtendea wema, nitamrudishia. Juu nikaandika manane kama ilivyokuwa. Chini ya mstari nikaanza: *Shikamoo. Habari za huko.* Kisha yake.

Nikagonga mpaka mwisho, nikabonyeza kile kibonye cha kuuliza, Kahama ikajibu ipo. Nilijisikia vizuri sana. Nikajitengenezea chai.

Kila jioni baada ya kazi nilipita wodini. Alikuwa amelazwa karibu na dirisha, na alikuwa akinitambua kwa viatu kabla sijafika kitandani. "Kajibu?" "Bado, mayu." "Bado ni neno zuri," alisema kila mara, "hapana ndilo baya." Kila siku mwili ulizidi kumvimba na sauti ikazidi kupungua. Nesi aliniambia pembeni kwamba kama kuna mtu wa kuja, aje.

Siku ya nane tangu Ijumaa ile kengele ya mashine ililia na Kahama wakaanza kuandika. Mistari ya juu ilikuwa mingi mpaka nikaisoma kwa kidole: kutoka Runzewe kwenda Ushirombo, kutoka Ushirombo kwenda Kahama, kutoka Kahama kwenda Shinyanga. Chini yake:

*Mama yangu hawezi kuniamkia. Mmetumwa na wanaotaka duara langu. Siji.*

Na katikati, kwenye mistari, katekista alikuwa ameongeza swali lake mwenyewe: *Juu imeandikwa nane. Nimehesabu kumi na mawili. Yapi ya mama?*

Nilielewa yote mara moja, nikashangaa nilikuwa na kichwa gani Ijumaa ile. Shikamoo hutoka chini kwenda juu. Mtoto humpa mzazi. Hakuna mama chini ya jua anayemwamkia mwanawe shikamoo, na mwana akiipokea toka kwa mama atajua kuna mtu anamwigiza. Na wachimbaji walidanganywa kila wiki: unaambiwa una msiba nyumbani, ukirudi unakuta wengine wamo ndani ya shimo lako. Kwa adabu yangu nilikuwa nimemfanya mama awe mwongo kwa mwanawe.

Lakini hata katika hofu ile, jambo jingine lilinishika. Yule katekista. Mtu nisiyewahi kumwona, wala sijamwona mpaka leo. Amepanda baiskeli siku nzima kwenye mchanga kwa ajili ya karatasi ya mtu asiyemjua, na bado amekaa chini akahesabu neno moja moja, jambo ambalo Kahama na Ushirombo hawakulifanya. Akakuta manne ya ziada. Kutoka kule porini alikuwa amenyoosha kidole mpaka kwenye kiti changu.

Mzee alikuwa amesimama nyuma yangu. Akasoma mara mbili, akavua miwani, akaifuta.

"Maneno manne haya ni ya nani?"

Uongo ulikuja mdomoni umejipamba: Kahama hao, mzee, si unawajua. Nikaumeza.

"Yangu."

"Kwa nini?"

"Niliona hayana adabu. Mtu mzima anaitwa bila salamu."

Nilingoja anifokee. Angenifokea ningepona haraka. "Adabu ni nzuri," akasema polepole. "Ila umemvua yule mama umama wake, ukamvisha usichana wako. Nenda kamwambie."

"Nani?"

"Mwenye maneno."

Kutoka posta mpaka hospitali si mbali, lakini siku ile nilitamani iwe Tabora. Nilipiga goti kando ya kitanda nikamwambia yote bila kupunguza. Akanisikiliza akiwa amefumba macho. Kisha nikaona tumbo linatikisika. Nikadhani ndiyo roho inatoka. Kumbe anacheka.

"Nimemwamkia!" akamwambia mgonjwa wa kitanda cha pili. "Mimi! Nimemwamkia mwanangu!" Wodi nzima ikacheka, na yeye akacheka mpaka kikohozi kikamshika, nikamwinua nimpe maji. Nikalia mimi.

"Acha," akasema. "Na yeye kakataa?"

"Kakataa, mayu. Anasema si wewe."

"Ana akili." Alisema kwa majivuno hasa, kama mtu ambaye mwanawe kashika namba ya kwanza. "Nilimlea mimi huyo. Hadanganyiki." Kisha kicheko kikamwisha, akageukia dirisha. Niliona anapigana na jambo.

"Ng'wanone, nilikudanganya na wewe pale dirishani kwenu," akasema. "Hakupita tu. Alisimama. Alfajiri ile alisimama mlangoni kwangu, nikaona miguu yake chini ya mlango. Alisimama sana. Alikuwa anangoja nikohoe tu, ajue niko macho, aniamkie. Nami nilikuwa macho. Nikajikausha. Nikasema moyoni, aondoke hivyo hivyo, aone." Akavuta pumzi. "Hilo hakuna anayelijua, ila yeye na mimi. Yeye hajui kama nilimwona. Andika."

Nikaandika kwenye karatasi juu ya paja langu, neno kwa neno, nikamsomea, akasema ndiyo. *Siku ile ulisimama mlangoni. Nilikuwa macho. Nami nilinyamaza. Njoo.* Tisa.

Mzee wa Pangani alipoyasoma alivuta kiti changu nyuma ili niketi. "Utatuma wewe," akasema.

Nikauliza Kahama kama wapo, wakajibu. Nikaandika mstari wangu juu: tisa. Nikamjibu na katekista swali lake: *Manane ya mwisho ni ya mama. Manne ya kwanza ni kosa la karani wa Shinyanga.* Ndiyo simu pekee niliyopata kutuma kwa ajili yangu mwenyewe. Kisha nikashuka chini ya mstari, nikagonga herufi za yule mama kwa kidole kimoja kimoja kama mtu anayebeba mayai. Nilijua kwamba maneno haya yatasomwa kwa sauti na padri mbele ya redio, yataandikwa kwa penseli, yatafungwa kwenye baiskeli, yatashushwa mpaka kwenye shimo la dhahabu, na kwamba kila mkono wa njiani utasikia siri ya mama na mwana na kuiacha ilivyo. Siku ile ndipo nilipoelewa kibonye cha siku ya kwanza hakikuwa muujiza wowote. Mashine kujibu jina lake ni kitu gani? Muujiza ni watu watano wasiojuana, na hakuna hata mmoja anayeongeza la kwake. Na aliyeongeza, kakamatwa.

Siku tatu. Siku ya nne kengele ikalia. Mistari ile ile, na kwenye mstari wa Runzewe katekista ameandika: *Tisa yamefika tisa.* Chini yake kulikuwa na matatu:

*Nakuja. Shikamoo mama.*

Sikungoja kuaga. Nilichana karatasi nikakimbia nayo barabarani, viatu mkononi, watu wa sokoni wakidhani nina msiba. Wodini nikasimama kwanza nipumue, nikapiga goti, nikamsomea mistari ya juu yote, kwa sababu nilitaka ajue ilikopita. Runzewe, Ushirombo, Kahama. Akawa anatikisa kichwa kwa kila jina. Kisha nikasoma yale matatu.

Alijivuta akaketi, akajifunga kitenge vizuri kifuani, kama mtu anayepokea mgeni.

"Marahaba, mwanangu," akasema. Akautazama mlango wa wodi. "Marahaba."

Kisha akalala. "Mpelekee," akaniambia. "Usiongeze."

"Siongezi, mayu."

"Wabeja." Ndiyo asante yetu.

Niliigonga kabla ya chai ya saa kumi. *Marahaba mwanangu. Marahaba.* Matatu. Kahama wakapokea, kisha mashine ikaanza kuandika swali. Tangu kosa langu karani mwenzangu alikuwa mwangalifu, na desturi yetu ilikuwa kwamba neno likirudiwa bila sababu huwa ni kosa la vidole. *Neno limejirudia. Nikate moja?*

Nikajibu: *Usikate. Matatu.*

Mwana alikuwa ameshatoka Runzewe, lakini kutoka na kufika miaka ile vilikuwa vitu viwili. Mvua zilikuwa zimeanza na mabasi hayana petroli. Alitembea, akapanda trekta la chama cha pamba, akakwama Kahama siku mbili. Karani wa Kahama, aliyejua jina lake kwa kuliandika mara nyingi, alikwenda stendi mwenyewe akaliita kati ya watu waliolala juu ya mizigo. Akamkuta, akampa karatasi mkononi.

Mama alifariki asubuhi iliyofuata baada ya mwana kupewa karatasi. Mwana alifika jioni ile ile, yeye na ndugu wakauchukua mwili wakaenda kuuzika kijijini. Hayo niliambiwa na nesi. Mimi sikwenda. Niliona haya.

Baada ya wiki mtu alikuja dirishani, mrefu, kichwa kimenyolewa upya, kofia mkononi, udongo mwekundu bado umo kwenye kucha. Nilimjua kabla hajasema. Nikatoka nje ya kaunta nikapiga goti pale pale kwenye sakafu ya saruji, watu wakiwa foleni.

"Shikamoo," nikasema. "Ile ya kwanza iliyokupotosha ilikuwa yangu. Ilikuchelewesha. Mama hakuisema."

Akanitazama. Nilikuwa tayari kwa lolote, hata kutemewa mate.

"Kumbe ni wewe," akasema. "Basi marahaba, binti. Inuka."

Nikainuka. Akatoa karatasi mfukoni, imekunjwa mara nne, laini kwa kushikwashikwa. Juu ilikuwa na mstari wangu na mstari wa Kahama. Akaiweka kaunta akanigeuzia.

"Alisema hivi hivi?"

"Hivi hivi."

"Mara mbili?"

"Mara mbili. Walitaka kukata moja, nikakataa."

Akaweka kidole kwenye neno la kwanza, akakisogeza taratibu mpaka kwenye la mwisho.

"Hii ya pili ni ya ile alfajiri," akasema.

Akaikunja karatasi yake, akavaa kofia, akaniuliza kama kuna lori la kwenda Kahama leo. Nikamwambia aulize pale kwenye kiwanda cha pamba.